Sauti Kabla ya Mtangazaji

Jumanne, 24 Machi

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa. Kila muhula nawaambia watoto wa gredi ya sita waandike shajara, na kila muhula wananiletea yale yale: leo niliamka nikapiga mswaki. Nawakata alama. Sasa ni zamu yangu. Leo niliamka nikapiga mswaki, nikaenda kwa kadhi, nikaambiwa mume wangu amekufa.

Zakariye alichukuliwa na Mto Tana kule Masalani mwezi wa Mei mwaka jana. Karibu mwaka mzima nilikuwa sijui mimi ni mke wa mtu au ni nani. Leo kadhi aliwauliza wale mashahidi wawili walioona mtumbwi ukipinduka. Akauliza kama maiti zilipatikana. Wakasema ya mzee wa mtumbwi ilipatikana siku ya tatu, ya Zakariye haijaonekana mpaka sasa. Kadhi akasema mimi, Sadiyo binti Abdille, ni mjane na eda yangu inaanza leo.

Shemeji yangu Abdikafi, mdogo wake Zakariye, ndiye aliyesimama kwa niaba ya familia. Alijibu alichoulizwa, hakuongeza. Njiani kurudi hakunitazama hata mara moja.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kisomali nimeshalia vya kutosha.

Jumatano, 25 Machi

Eda ni miezi minne na siku kumi. Sheikh anahesabu kwa mwezi mwandamo. Mimi nina kalenda ya duka la dawa. Hooyo Muslimo ana kamba.

Hooyo ndivyo tunavyosema mama. Huyu ni mama yake Zakariye. Alikuja kutoka Hulugho wiki ile mtoto wake alipopotea, akakaa. Macho yake yana ukungu. Anaona mwanga na kivuli, basi. Kule Hulugho alikuwa anahesabu siku za ngamia mwenye mimba kwa kufunga mafundo, na sasa ananihesabia mimi. Nilimwambia kwa utani kwamba amenifanya ngamia. Akasema ngamia hana maneno mengi.

Jana baada ya Magharibi alifunga fundo la kwanza. Leo la pili. Nilifurahi kidogo, nikadhani ameipokea hukumu ya kadhi. Nilipomwambia hivyo alinikatiza.

"Nafunga kwa ajili yako, kwa sababu dini imesema. Si kwa ajili yake. Mimi sikumwosha mtu, wala sikuonyeshwa kaburi."

Televisheni tumeifunika kwa shuka. Nyumba yenye msiba haichezi televisheni.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Paa linavuja palepale alipoahidi kupaziba.

Ijumaa, 17 Aprili

Jirani yetu Kaaha amekuja na sukari, na maneno juu yake. Anasema wazee wa ukoo wameanza kuulizana habari ya dumaal, yaani ndugu wa marehemu amwoe mjane ili nyumba isivunjike. Abdikafi hana mke. Mimi sina mtoto. Kwa hesabu ya Kaaha mambo yamekaa sawa kabisa.

Nilimwambia hata mafundo ishirini na tano hayajapita kwenye kamba. Akasema yeye haleti neno lake, analeta la watu. Kaaha siku zote ni mchukuzi tu.

Jioni Abdikafi alikuja na maziwa, akakaa upande wa mama yake kama kawaida, akaondoka. Sasa kila anachofanya nakiona kwa jicho lingine. Kwa nini analeta maziwa kila siku? Kwa nini hamzungumzii kaka yake hata kidogo? Ndugu gani huyo, mwaka mzima jina la nduguye halimtoki mdomoni?

Jumapili, 19 Aprili

Nimetafuta kitu chenye sauti yake, sikupata. Mume wangu hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Aliandika, tena kwa ubahili: Nimefika. Nakuja. Sawa. Ninazo sawa zake mia mbili na kitu kwenye simu. Picha ninazo mbili, ya harusi na ya kitambulisho. Riziki yake ilikuwa kuwatafsiria wageni, na wageni walijipiga picha wao.

Ninachoogopa zaidi ya yote nakiandika hapa, kwa kuwa sitamwambia mtu. Nimeanza kusahau alivyokuwa akisema jina langu.

Jumanne, 28 Aprili

Mto umepanda. Watu wa mashamba ya chini wamehama na magodoro. Hooyo ameamuru shuka litolewe kwenye televisheni ili tusikie habari za mafuriko. Nilimkumbusha kwamba tuko kwenye msiba. Akasema mto ndio wenye mtoto wake, lazima ajue unafanya nini.

Kwa hiyo sasa kila siku saa moja usiku tunakaa, yeye sikio, mimi jicho. Wanaonyesha maji, wanataja vipimo, wanaonyesha mheshimiwa akigawa blanketi. Kisha Hooyo anasema zima, nami nazima.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua usiku kucha. Fundo la arobaini.

Jumanne, 12 Mei

Leo baada ya habari za mafuriko nilichelewa kuzima. Kumbe limeanza lile tamasha kubwa la filamu huko Ufaransa, pwani. Zulia jekundu, wanawake wenye nguo zinazoburuta, wapiga picha wamepangwa kama mbuzi kwenye boma siku ya kuhesabiwa. Msichana wa studio ya Nairobi akasema kwa furaha kubwa kwamba mwaka huu kuna filamu iliyopigwa Kenya, kwenye Mto Tana, na kituo chao kitatuletea habari za tamasha hilo kila siku mpaka mwisho, moja kwa moja.

Filamu ya Mto Tana ni moja tu ninayoijua. Ni ya yule mama mzungu aliyekunywa chai kwenye mkeka huu huu, akamwajiri Zakariye kwa wiki mbili awe mdomo wake. Zakariye alikwenda naye Masalani. Mama yule akarudi, Zakariye hakurudi.

Hooyo aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema hakuna kitu, watu wanaonyeshana nguo.

Jumatano, 13 Mei

Sijui nianzie wapi.

Saa moja. Hooyo alikuwa ameshafunga fundo lake, la hamsini na moja. Abdikafi alikuwepo, mlangoni, na kopo la maziwa. Habari za mafuriko zikaisha. Likaja tamasha. Msichana wa studio akasema tutazame kipande kidogo cha filamu yetu.

Ukatokea ukingo wa mto, maji ya rangi ya chai. Mzee wa kofia iliyopauka ameshika kamba ya mtumbwi. Kisha sauti ya mtu asiyeonekana, nyuma ya kamera, ikamwita.

"Adeer."

Neno hilo tu. Ni ami, ndivyo kwetu tunavyomwita mwanamume yeyote aliyetuzidi umri. Mzee akageuza uso, na papo hapo mtangazaji wa kiume akaingia juu yake: "Filamu hii iliyopigwa kandokando ya Mto Tana, kaskazini mashariki mwa Kenya, inasimulia..." Akaendelea mpaka kipande kikaisha. Chini ya maneno yake niliona mdomo wa mzee unacheza, anacheka, anajibu kitu. Hakuna kilichosikika.

Ni Zakariye. Ningeitambua sauti yake hata sokoni siku ya mnada wa ng'ombe. Alikuwa na desturi ya kulivuta hilo neno mwishoni, kama mtu anayeomba msamaha kabla ya kukosa.

Hooyo alikuwa ameinuka kwenye mkeka. Mwanamke ambaye huwa tunamwinua watu wawili. Amenyoosha mikono kuelekea ukutani, vidole vimefunguka.

"Huyo ni nani?" akauliza.

Akauliza tena, na safari hii alikuwa anajua.

Nilipogeuka kumtazama Abdikafi, hakuwepo. Kopo la maziwa liko kizingitini, limeachwa.

Alhamisi, 14 Mei

Wamerudia saa moja, wakarudia saa tatu. Kipande kile kile, maneno yale yale. Adeer, kisha "Filamu hii iliyopigwa kandokando ya Mto Tana". Kumbe ndiyo kazi yao ilivyo: wanakuachia sauti ya mwenyewe kidogo tu ujue kwamba mtu alisema kitu, halafu wanaipunguza na kuweka ya kwao juu yake. Mtangazaji yule hana kosa. Namchukia hata hivyo.

Hooyo hakufunga fundo leo. Nilimkumbusha mara mbili. Kamba iko chini ya mto wake wa kulalia.

Ijumaa, 15 Mei

Hooyo amesema mwanawe yu hai, yuko Ulaya.

Nimejaribu kuliandika jambo hili kama upuuzi wa bibi kizee, nikashindwa, kwa sababu si upuuzi. Mtaa huu wenyewe una ushahidi. Rage, mtoto wa Kaaha, alipotea. Tukakaa tanga hapo kwao siku saba, tukala pilau ya sadaka, nami nililia. Baada ya miezi kumi na minne simu ikalia: "Hooyo, ni mimi." Yuko Italia. Alipita jangwani, akafungwa Libya, akavuka bahari, hakutaka mtu ajue mpaka afike. Hapa kwetu vijana wangapi wamezikwa kwa maneno halafu wakapiga simu?

Sasa chukua mama ambaye hakuona maiti. Umsikilizishe sauti ya mwanawe ikitoka Ufaransa, na mtu akimwambia matangazo haya ni ya moja kwa moja. Utamwambia nini?

Nilimwambia filamu hupigwa leo ikaonyeshwa baada ya mwaka. Nilimwambia yule mzee anayeitwa ndiye mzee wa mtumbwi, na amekufa, amezikwa Masalani.

"Wewe umewahi kumwona huyo mzee?"

Sijawahi.

"Basi huijui sura yake. Mimi naijua sauti ya mwanangu."

Mwalimu mzima, nikaenda kuosha vikombe.

Jumamosi, 16 Mei

Leo Abdikafi amezima televisheni kabla ya neno.

Nasema kabla ya neno kwa sababu siku hizi saa za nyumba hii zinakwenda kwa neno hilo. Hooyo anaoga mapema, anavaa mtandio mzuri, anakaa karibu kabisa na kioo. Jioni hii mtangazaji alipotaja tu tamasha, Abdikafi alinyoosha mkono akazima, akasema umeme unakaribia kuisha. Tokeni zilikuwa zimejaa, nilizinunua jana mwenyewe.

Hooyo hakugomba. Aliomba. Sijawahi kumsikia mama yule akimwomba mtoto. Abdikafi akawasha, lakini kipande kilikuwa kimepita, wanaonyesha viatu vya mwigizaji fulani. Ilibidi tungoje mpaka saa tatu.

Nilimfuata mpaka mlango wa ua, mwisho wa eneo langu siku hizi za eda. Nilimwambia roho yake ni jiwe. Nilimwambia kama anaharakisha kaka yake azikwe ili apate nyumba, basi asubiri eda iishe kama watu wenye haya. Niliyasema yote hayo kwa sauti ya darasani.

"Shemeji," alisema. Akaenda zake kwenye mvua bila mwavuli.

Jumapili, 17 Mei

Hooyo ameingia chumbani kwangu akinipapasa nguo. Pamba nyeupe ya eda anaijua kwa vidole. Akasema mke wa mtu aliye hai hatembei na sanda, akanitolea sandukuni dera langu la kijani, lile la Idd, akangoja hapo hapo nibadilishe. Nguo nyeupe akaondoka nazo.

Nililivaa. Nilijiambia navaa kwa ajili yake, asije akaugua. Hiyo ni nusu ya ukweli, na shajara haitaki nusu. Nilipolivaa nilisimama mbele ya kioo nikajitengeneza nywele, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kama wa msichana, na kwa muda wa saa nzima mume wangu alikuwa hai. Alikuwa Ufaransa. Alikuwa na koti zito na alikuwa anatafuta namna ya kunipigia simu. Nilimgombeza kimoyomoyo kwa kutuweka mwaka mzima. Nilimsamehe.

Kisha adhana ya Alasiri ikaanza, nikajiona. Mjane amevaa kijani siku ya hamsini na tano ya eda. Astaghfirullah.

Jumatatu, 18 Mei

Adeer. Mara mbili.

Jumatano, 20 Mei

Hooyo amempigia mpwa wake Keynan, anaendesha malori huko Uswidi. Amemwagiza aende Ufaransa kwenye hilo tamasha akamchukue Zakariye. Kaaha ndiye aliyeshika simu, sauti ikiwa wazi. Nilitumaini Keynan angecheka. Hakucheka. Watu walioko huko nao wanaijua hadithi ya waliofufuka. Aliuliza kama kuna picha. Kaaha akamtumia ya kitambulisho.

Jioni msichana wa studio alisifu mavazi kwa dakika sita. Filamu yetu alisema inazungumziwa sana. Kisha likaja neno letu. Nimegundua kwamba baada ya Adeer, kabla mtangazaji hajaingia, kuna pumzi. Anavuta pumzi ili aendelee. Ni swali. Alikuwa anamuuliza mzee kitu.

Ninalolitaka sasa katika dunia hii ni hilo tu. Sitaki tuzo wala zulia. Nataka kujua mume wangu aliuliza nini.

Ijumaa, 22 Mei

Keynan amepiga simu kutoka huko. Alikwenda kweli, amekata wiki nzima kazini. Amesimama kwenye uzio wa chuma pamoja na watu wanaotaka kuona waigizaji, ameshika picha ya kitambulisho kwenye simu, anawaonyesha walinzi. Walinzi wamedhani ni shabiki wa mtu. Anasema watu ni wengi na kila mtu amevaa nyeusi.

Hooyo alimshukuru, akamwambia asichoke. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa sakafuni.

Jumamosi, 23 Mei

Usiku wa kufunga. Waliita majina, watu wakapanda, wakalia, wakashukuru mama zao. Kamera ilimpitia yule mama mzungu ameketi, mikono mapajani, amekonda. Filamu yetu haikupata kitu.

Hooyo aliuliza ameshinda? Nikasema hapana. Akasema afadhali, wangemchelewesha.

Jumatatu, 25 Mei

Saa moja. Mafuriko, siasa, bei ya mafuta, mpira.

Hawakuonyesha. Msichana wa studio amehamia habari nyingine na furaha ile ile. Tulingoja mpaka hali ya hewa, tukangoja na saa tatu. Hooyo alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha televisheni. Mwisho nilimwambia kwa upole kwamba wamemaliza, tamasha limefungwa.

"Ndiyo," akasema. "Sherehe imekwisha. Sasa atakuja."

Jumanne, 26 Mei. Siku ya Arafa

Kesho ni Idd ya kuchinja. Tangu alfajiri Hooyo amekuwa akipanga. Atakuja Idd, anasema, hakuna mtoto wake anayekula Idd ugenini. Amemlipa mtu kufagia mpaka barabarani. Ameagiza ini lisiguswe, ni la Zakariye. Amefunga saumu ya Arafa, na ametaka nywele zangu zitiwe hina. Nikaona kwamba kesho jioni, mlango ukibaki mtupu, mama huyu atakufa, na mimi niliyevaa kijani nitakuwa nimemuua.

Abdikafi alipokuja na futari nilimwita jikoni. Nilimwambia nisaidie. Tulikuwa hatujasemezana tangu siku ile. Nikasema yule mama mzungu ana filamu nzima, lazima kuna njia ya kumpata, lazima tukisikie kipande kile bila mtangazaji, tujue kilipigwa lini, tumwonyeshe Hooyo.

Alikaa juu ya gunia la mchele. Alitoa simu yake, akaiweka gotini, hakuifungua.

"Ninacho," akasema. "Watu wa filamu walinitumia mwaka jana. Wiki ile ile nilipokuwa Masalani natafuta mwili."

Aliongea akitazama sakafu, na aliongea zaidi ya nilivyomsikia miaka yote minne tangu niolewe. Alisema alikisikiliza mara moja tu, pale ukingoni, akiwa amesimama kwenye matope yale yale. Tangu hapo hakuweza kukifungua, hakuweza kukifuta. Nilipokuwa nikitafuta sauti ya Zakariye, yeye alikuwa nayo mfukoni. Lile neno likianza kwenye televisheni, yeye peke yake alikuwa anajua linaloendelea, mtangazaji hawezi kumfunikia. Ndiyo maana alikuwa akitoka. Mama yake alipoanza kuamini, aliogopa kwamba ukweli ukitoka mkononi mwake, ni yeye atakayekuwa amemuua Zakariye mara ya pili.

Na habari ya dumaal, alisema, wazee waseme watakavyo, yeye hataniuliza neno hilo, labda mimi nimuulize. Maziwa ataendelea kuleta. Hooyo anayapenda.

Nilimwomba radhi kwa lile neno la jiwe. Akasema lilikuwa na haki yake.

Kisha akafungua.

Ukingo wa mto. Mzee, kofia, kamba. "Adeer." Pumzi. Na sauti ikaendelea, hakuna wa kuifunika:

"Adeer, mtumbwi huu utatubeba sisi na hivi vyombo vyote?"

Mzee anacheka. Anasema vyombo vitavuka baadaye, wageni nao wasubiri, wewe panda kwanza. Zakariye anawageukia wageni kwa Kiingereza, anawaambia wakae hapo, anakwenda kuwaombea ruhusa kwa wazee wa ng'ambo, hatakawia. Kisha anapita mbele ya kamera. Ni mgongo tu. Shati la samawati, kola niliyoishona kwa uzi mweusi kwa kuwa uzi wa samawati ulikuwa umeisha. Ni shati alilotoka nalo hapa nyumbani asubuhi ya mwisho.

Anainua mguu, anaingia mtumbwini.

"Bismillah," anasema.

Hapo pakakatika.

Nilikitazama mara moja. Nilimrudishia Abdikafi simu yake, nikaenda kumpakulia Hooyo uji, maana Magharibi ilikuwa imeingia na mtu amefunga.

Jumatano, 27 Mei. Idd

Baada ya swala Hooyo aliomba kiti kiwekwe mlangoni. Alikaa hapo, amejipaka manukato, uso kuelekea barabarani. Kila hatua ya mtu iliyopita alisimamisha tasbihi. Watu waliingia kutoa mkono wa Idd, wakamkuta ametega sikio nyuma yao.

Tulingoja mpaka Adhuhuri, mimi na Abdikafi, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mwishowe nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kiti. Nilimwambia Hooyo, sauti yake ipo, yote, bila yule mtu wa televisheni. Ni ya mwaka jana. Ukitaka utaisikia, na ukiisikia hutamngoja tena.

Aliuliza nani anayo. Abdikafi akasema mimi, Hooyo. Akanyoosha mkono, akampapasa uso, akakuta umelowa. Nadhani ni hapo alipojua, kabla ya simu.

Tukamwekea sikioni. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Swali, kicheko cha mzee, kile Kiingereza ambacho hakielewi. Ilipofika Bismillah, midomo yake iliisema pamoja naye, kwa mvuto ule ule, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha.

Hakutaka kurudia. Aliinuka akishika ukuta, akaenda chumbani kwake, akarudi na nguo zangu nyeupe. Alikuwa amezifua, amezikunja.

"Vaa, mwanangu," akasema. "Mume wako amekufa."

Nikalia kama sijawahi kulia. Abdikafi alilia. Hooyo hakulia, alishikilia tu nguo mpaka nikazichukua. Kisha akamwambia Abdikafi ampigie Keynan arudi kazini kwake, na ini lipewe watu.

Baada ya Magharibi aliomba kamba. Akauliza alisimama wapi. Nikasema hamsini na moja. Alitafuta fundo la mwisho kwa dole gumba, akalipata, akaanza kufunga yale ya siku alizoziacha, moja baada ya jingine, nami nikimhesabia kwa sauti: hamsini na mbili, hamsini na tatu. Saa moja ilifika. Hakuna aliyewasha televisheni. Alifunga kumi na matatu bila kupumzika, mpaka sitini na nne.

La leo hakulifunga. Alinitafuta mkono, akaniwekea ncha ya kamba kwenye vidole, akaweka vyake juu, tukalifunga pamoja.

"Yale yote yalikuwa yako," akasema. "Hili ni lake."